Nyoka Aliyetunzwa Pakavu

Dobi huyu alikuwa na adui mmoja duniani, naye ni unyevu. Wenzake huogopa wezi na wakwe. Yeye aliogopa kola isiyokauka. Alikuwa ameshika pasi kwa miaka thelathini na mmoja, na hakuna shati lililotoka mikononi mwake na ubichi kwenye mshono wa kwapa. Kila moja alilipima kwa kuliweka shavuni, akifumba macho kama mtu anayepokea habari mbaya kwa utulivu.

Kwa hiyo mwalimu mmoja wa sayansi alipomwachia chatu mdogo kwa siku mbili, nyoka huyo aliingia katika mikono safi. Mwalimu alipata uhamisho, akaandika barua ndefu ya kuomba radhi, na siku mbili zikawa miaka miwili. Dobi alimwandikia nyoka kikaratasi kama anavyoandikia kila kitu kilichoachwa, namba mia moja na kumi na nne, akakibandika kwenye sanduku lake la kioo. Ukimuuliza kama anampenda, alikujibu kwamba mali ya mteja haipendwi, hutunzwa. Mkewe, aliyekaa kaunta, alikuwa na maoni yake, maana hakuwahi kumsikia mumewe akiyapigia soga mapazia yaliyosahauliwa.

Muda wote huo nyoka aliishi chumba cha nyuma, karibu na mabeseni ya kufulia, ambako mvuke uliparamia kioo na kuteremka matone matone. Matone hayo yalimnyima dobi raha. Mwezi uliopita akamhamishia mahali pa heshima: rafu iliyo juu ya meza ya pasi, pakavu kuliko popote dukani. Bakuli pana la maji aliliondoa, akaweka kikombe cha kahawa, mgonjwa asije akajilowesha. Mgonjwa hakuwapo bado, lakini alikuwa njiani.

Wakati wa kujivua gamba ulipofika, macho ya nyoka yaligeuka rangi ya maziwa, kama kawaida. Kisichokuwa cha kawaida ni yaliyofuata. Miaka yote miwili ngozi ilikuwa ikitoka nzima, kama soksi. Safari hii ilibanduka vipande vipande, kama rangi ya ukuta wa ofisi ya serikali. Macho yote mawili yalibaki na utando, na karibu na ncha ya mkia ikabaki pete ya ngozi kuukuu, imekaza. Nyoka alikuwa akigonga kioo kwa pua, haoni anakokwenda.

Dobi akachukua kibanio anachong'olea nyuzi kwenye makoti.

"Unataka kufanya nini?" mkewe akauliza.

"Kuna uzi umebaki."

"Hilo ni jicho, baba. Weka kibanio chini."

Alikiweka mfukoni, jambo ambalo si sawa na kukiweka chini.

Mchana huo daktari wa mifugo alikuja kuchukua makoti yake meupe. Kazi yake hasa ilikuwa ng'ombe na kuku, lakini nyoka naye alimtazama kwa adabu zote.

"Mzee wangu, huyu anakaa wapi?"

"Hapo juu. Pakavu kabisa."

"Nimeona. Midomo yangu mwenyewe imeanza kupasuka tangu niingie." Akakigeuza kichwa cha nyoka taratibu. "Nyoka hana kope. Jicho lake lina gamba jembamba kama kioo, nalo hutoka pamoja na ngozi. Hili la zamani limegandia. Ukilivuta, litakuja na jicho lenyewe."

Mkono wa dobi ukatoka mfukoni peke yake.

"Na mkiani?"

"Hiyo pete inazuia damu. Ncha imeshaanza kuwa nyeusi. Tuombe tuiwahi."

"Dawa yake?"

"Maji. Lowesha taulo kwa maji ya vuguvugu, likamue, mviringishe humo, umwache ajipenyeze mwenyewe mpaka atoke. Nusu saa kila siku. Usimvute."

Mkewe akaweka kalamu chini. "Daktari, nisamehe. Mashati ya pamba yakikauka kupita kiasi, huyu bwana huyanyunyizia maji, akayaviringisha kwenye taulo, akayaacha yalainike ndipo apige pasi. Kila siku ya Mungu."

"Yale ni mashati," dobi akasema.

"Ndiyo. Yametunzwa vizuri zaidi."

Mganga hajigangi, wanasema. Huyu alikuwa mganga wa pamba. Alishusha sanduku, akalirudisha kwenye mvuke, akakamua taulo mara tatu kama mwanagenzi. Siku ya kwanza nyoka alijisukuma kutoka upande wa pili akiwa ameacha kipande cha ngozi ya shingo. Siku ya pili lilitoka gamba la jicho la kulia, dogo na jepesi kama ganda la kitunguu, na ile pete ya mkiani ikalegea. La jicho la kushoto halikukubali. Dobi alilitazama kwa karibu sana, kisha akamwita mkewe.

"Njoo unichukulie hiki kibanio."

"Nikipeleke wapi?"

"Usiniambie."

Siku ya tatu taulo lilitikisika, kichwa kikachomoza, na macho yote mawili yalikuwa meusi, yanang'aa. Nyoka alimtazama, akatoa ulimi. Pete nayo ilitoka, lakini ilikuwa imebana kwa muda mrefu mno. Wiki iliyofuata ncha ya mkia, ndefu kama ukucha, ilianguka kwenye sakafu ya sanduku, imekauka barabara.

Kwa kila mteja aliyeunguziwa nguo dobi alikuwa na jibu tayari: kitambaa kilikuwa dhaifu, rangi ilikuwa ya bandia, kifungo kilikuja hivyohivyo. Katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumsikia akikiri kosa. Asubuhi ile aliinama kwenye sanduku, ncha ile kiganjani, na mkewe alisikia sauti ndogo ikitoka chumba cha nyuma.

"Samahani. Nilidhani nakufanyia vizuri."

Mkewe akaita: "Umesema nini huko?"

"Nimesema pasi imepoa."