Siku Dada Kaza alipovua kilemba

Jumatatu saluni hufungwa, lakini leo ndani taa inawaka. Pazia la mlangoni limeshushwa mpaka chini na redio imezimwa. Kwenye kiti kilicho mbele ya kioo kikubwa ameketi mwenye saluni mwenyewe, mikono yote miwili imeshika kilemba kichwani kama mtu anayeogopa kuporwa.

"Dada, vua," anasema mwanamke aliyesimama nyuma yake.

"Ngoja kwanza."

"Umesema ngoja tangu nichemshe maji. Yamepoa, nimechemsha tena."

Aliyeketi ni dada mkubwa. Aliyesimama ni mdogo wake, tumbo moja, baba mmoja. Wote wawili ni wasusi, na wateja wamewabandika majina ambayo sasa hata majirani hawajui mengine. Mkubwa anaitwa Dada Kaza, kwa sababu akikusuka yeye nyusi zinapanda zenyewe. Mdogo anaitwa Legeza, na sababu yake haihitaji maelezo.

Mwandishi wa makala haya alikuja kwa ajili ya Legeza, anayesifika kwa kuwaanzishia watu dredi bila kuwaumiza. Aliambiwa aje Jumatatu, kuna mteja mpya. Hakuambiwa mteja mwenyewe ni nani.

Hatimaye Dada Kaza anapiga moyo konde. Anafungua fundo, anakivua kilemba, anakikunja vizuri mapajani na kukitazama hichohicho.

Juu ya masikio, kulia na kushoto, ngozi ni laini na inang'aa. Mstari wa nywele za mbele umerudi nyuma upana wa vidole vitatu. Katikati na kisogoni nywele zipo, za urefu wa kidole na zenye afya. Legeza haoni haya kuziangalia, anainama karibu.

"Kunawasha?"

"Hakuwashi. Kunauma nikikumbuka."

Kisha anamgeukia mwandishi. "Haya, andika. Si ndicho ulichokuja kuona?"

Dada Kaza alianza kusuka akiwa msichana, mwaka ambao mama yao alifariki. Alikuwa akisuka barazani kwa majirani, kisha kwenye chumba cha kupanga, mpaka akapata hiki chenye mlango wa vioo unaotazama barabara. Mdogo wake alisomeshwa na vichwa vya watu.

"Mimi nimekula vidole vya dada," anasema Legeza. "Madaftari, sare, sabuni, kila kitu kilitoka kwenye vidole hivi unavyoviona."

Na vidole hivyo vilipendwa kwa kubana. Mteja alitaka nywele zidumu, zikae mwezi mzima bila kuchomoka hata moja. Aliyetoka hapo hawezi kutabasamu vizuri ndiye aliyeondoka na furaha kuliko wote.

"Walikuwa wananiambia wenyewe, 'Anti, kaza, usinihurumie,'" Dada Kaza anasema. "Na mimi sikuwahurumia. Nikiwaona wanatoa machozi nawaambia, meza kidonge cha maumivu ulale, kesho kichwa kitakuwa kimezoea."

Nywele zake alizisuka mwenyewe, kwa mkono uleule.

Legeza alijifunza kwa dada yake, akasuka vilevile miaka kadhaa. Kilichombadilisha ni mshonaji mmoja aliyeingia saluni na karatasi ya chooni iliyokunjwa. Ndani yake palikuwa na dredi nzima, imeng'oka na mizizi yake. Huko alikokuwa akitengenezewa walikuwa wakimsokota mizizi upya kila wiki, ili aonekane nadhifu kazini.

"Nilimsindikiza kliniki ya ngozi kwa udaku tu, nisikie ataambiwa nini," Legeza anasema na kucheka. "Nilirudi udaku umeniisha. Daktari alisema unywele hauchukii kusukwa. Unachukia kuvutwa kila siku."

Tangu hapo mteja mpya wa dredi hakai kitini na kuanza kusokotwa. Kwanza kichwa kinakaguliwa kwenye mwanga wa mlangoni. Mwenye vidonda, mapunye au mba uliogandana anarudishwa hospitali, aje akipona, hata kama amevaa tayari kwa harusi. Asiye na tatizo anaoshwa, anakaushwa, ndipo nywele zinagawanywa viboksi. Viboksi vya Legeza si vidogo. Anasema dredi hukua na kuwa nzito, na kama shina lake ni jembamba, ngozi ndiyo itakayobeba mzigo.

Anasokota kwa vidole na ute kidogo wa alovera. Nta na mafuta mazito amepiga marufuku, maana yakishaingia hayatoki, yanakusanya vumbi na kuziba ngozi. Mizizi hairudiwi mpaka mwezi upite, na zaidi ya mwezi ni bora.

"Watu wanadhani dredi haioshwi. Nani kawaambia?" anauliza kwa ukali, kana kwamba aliyesema yupo humu ndani. "Osha ngozi, polepole, na wavu kichwani kama bado ni changa. Halafu kausha mpaka katikati. Ukilala nazo mbichi, zitanuka kama tambara la kudekia."

Hapo mwandishi alijisahau akajikuna. Legeza alimtazama. "Hiyo kucha itoe kichwani. Na ukifika nyumbani, osha nywele, usizipake mafuta kuficha." Mwandishi ametii.

Mambo hayo Legeza alipoyapeleka kwa dada yake, moto uliwaka. Dada Kaza alimuuliza swali moja mbele ya wateja: "Unanifundisha kazi niliyokufundisha?" Wakanuniana msimu mzima wa mvua, viti viwili ndani ya chumba kimoja. Aliyehitaji chanuo alimtuma mteja. "Mama, mwambie huyo jirani yangu anipe chanuo." Mteja, huku kichwa nusu kimesukwa, ananyanyuka kuchukua chanuo hatua mbili kutoka hapo. Wateja walivunjika mbavu, lakini wao wawili hawakucheka.

Hawakupatanishwa na mtu. Mwezi uliopita Dada Kaza alimfuata mdogo wake nyumbani, akakataa chai, akasema, "Mbele hakuna kitu." Legeza alidhani anatia chumvi. Wakaenda kliniki ileile, na Legeza akaachwa nje kwenye benchi kwa sababu dada yake hakutaka aone. Jibu la daktari alilisikia kwa dada yake: aache kuvuta. Palipong'aa kabisa huenda pasirudi. Palipobaki na vinyweleo bado pana matumaini.

Ndiyo maana leo yupo kitini, anatafuta mtindo usiovuta. Lakini mazoea ya miaka hayaishi kwa kuvua kilemba. Legeza ameshasokota safu nne kisogoni, na Dada Kaza anajishika shingo.

"Mbona zinacheza? Kaza basi kidogo."

"Sikazi."

"Zitafumuka."

"Zikifumuka nitasokota tena. Ziking'oka nitafanya nini?"

Zinasokotwa safu nyingine. Zinapofika utosini, Dada Kaza anakuja na ombi ambalo bila shaka alikuwa nalo tangu mwanzo. Anataka dredi za katikati zivutwe mbele, zifungwe, zifunike pembeni.

"Mbili tatu tu, mdogo wangu. Watu wasione."

Legeza anaweka chanuo chini. Anazunguka, anachuchumaa mbele ya kiti mpaka macho yao yanalingana.

"Dada, nikizivuta hizi, mwakani nitakuwa nafunika na katikati. Baadaye utaniambia nivute zipi?"

"Kwa hiyo nitembee hivi?"

"Utembee hivi."

Dada Kaza analia. Halii kwa sauti, anafuta tu machozi kwa kilemba kilichoko mapajani. Mdogo wake anabaki amechuchumaa, amemshika magoti. Mwandishi aliangalia dirishani, kalamu haikuwa na kazi.

Baada ya hapo hakuna aliyesema kaza. Vinyweleo vya mbele Legeza hakuvigusa, alivipangusa tu kwa pamba yenye maji na kuviacha. Kazi ilipokwisha, dredi changa zilikuwa zimesimama kila upande, kila moja na njia yake.

"Nafanana na mtoto aliyeamshwa usingizini," Dada Kaza anajiambia kwenye kioo, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi anacheka. Anashika pembeni, pale penye kung'aa, anapapapasa.

Mlango ukagongwa.

Alikuwa mama mmoja, mteja wake wa siku nyingi, ameona taa. Dada Kaza mkono wake ulikwenda kwenye kilemba wenyewe, haraka, ukakikamata. Kisha ukakiacha. Akainuka, akasogeza pazia na kufungua mlango akiwa kichwa wazi.

Yule mama akatoa macho, akajirudi, akasalimia. Akasema alichojia: binti yake anaanza shule ya bweni wiki hii, anataka asukwe nywele za kudumu mpaka likizo. "Nakuaminia, Dada Kaza. Umkaze hasa."

Dada Kaza aliinamisha kichwa, akakigeuza upande hadi ngozi inayong'aa ikawa karibu kabisa na uso wa mteja wake.

"Tazama hapa, mama. Hapa nilikaza mwenyewe. Sasa niambie nimkaze mwanao."

Polepole mkono wa mama yule ulipanda kwenye nywele zake za pembeni, zilizosukwa humuhumu na kubana humuhumu, akaanza kuzitafuta kwa vidole.

"Mlete kesho," Dada Kaza alimwambia kwa upole. "Na wewe uje. Mtakaa kiti kile pale." Akaonyesha kiti cha mdogo wake.

Mlango ulipofungwa, Legeza alikuwa amegeukia sinki, anaosha machanuo yaliyokuwa safi tayari. Aliulizwa matumaini yake ni yapi. Akasema anaomba miezi sita tu, isivutwe hata nywele moja, ndipo waende tena kwa daktari. "Nataka dada yangu apate hata za kuchana," alisema.

Dada Kaza mwenyewe ana mpango mwingine, wala hakuomba ushauri. Alikuwa ameshakishika kiti chake, anakikokota kutoka kwenye kioo.

"Zikirudi, nitamshukuru Mungu. Zisiporudi, kiti changu kinakaa hapa mlangoni," alisema, akakiweka. "Kila anayeingia akione kichwa hiki kwanza, ndipo achague msusi."