Kichina cha Mama Mkubwa

Nilikulia Tunduma, nyumba ya tano kutoka relini. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, biashara imeshafunguliwa, na kila wiki mji ulipokea wageni wapya: Wakinga na mabelo ya mitumba, watu wa Kondoa na Kigoma wenye maduka ya redio na magodoro. Sisi Wanyamwanga hatukuwa tumetoka popote. Nusu ya ndugu zetu walikuwa upande huu, nusu upande wa Zambia, na treni ilipita katikati yetu ikienda kwao na kurudi.

Watoto wa mtaa wetu hatukuiogopa treni hiyo. Tuliifanya ya kuchezea. Tulilaza misumari ya inchi nne juu ya chuma, tukajibanza kwenye majani, na treni ikishapita tulikwenda kuokota visu vyembamba, bado vya moto, vya kumenyea miwa. Siku nyingine tulilaza masikio juu ya reli kusikiliza treni ikiwa bado mbali. Anayeinuka wa kwanza aliitwa mwoga wiki nzima.

Mama mkubwa, dada yake mama, alikuwa akiishi nasi. Kazi yake ilikuwa kulinda geti, pale barabara inapokatiza reli: kushusha mti wa kuzuia njia, kusimama na bendera mpaka mabehewa yote yaishe, kisha kuuinua tena. Alivaa koti la kaki lililomzidi mabega na viatu vya kiume. Kila jioni alituonya kuhusu reli, nasi kila jioni tuliitikia "ndiyo, mama," misumari ikiwa mfukoni. Alikuwa mtu wa nyumbani. Maneno ya mtu wa nyumbani mtoto huyazoea kama mlio wa jogoo.

Shoga yangu wakati huo alikuwa binti wa mzee mmoja wa Kondoa, Mwislamu mpole, mwenye banda la video karibu na soko. Jioni moja mzee huyo alikuja kwetu akiwa na kanzu yake ya kuswalia, akakaa kwenye kigoda, akakataa chai. Alimwambia mama kwamba mchana amepita njia ya nyuma akatukuta, mimi na binti yake, tumelala vichwa juu ya reli kama watu waliolalia mto wa kitandani. Hakupandisha sauti.

Mama alinitazama. Nilijua fimbo inakuja, na kweli ilikuja baadaye. Ila mama mkubwa, aliyekuwa akichambua mboga mlangoni, alisema fimbo imeshatumika sana na haijasaidia. Kisha akasema kwamba kule stesheni, ndani ya kabati, kuna mikanda mitatu ya video iliyoachwa na mafundi wa Kichina. Ni ya kufundishia usalama wa reli. Hakuna anayeitazama kwa sababu ni Kichina kitupu.

Mzee wa Kondoa akauliza, sasa itawafaa nini watoto.

"Nitatafsiri mimi," alisema mama mkubwa, bila kuinua macho kwenye mboga.

Hakuna aliyeshangaa. Ilijulikana mtaa mzima kwamba alipokuwa msichana, reli ilipokuwa ikijengwa, aliuza kabichi kwenye kambi ya Wachina kwa zaidi ya mwaka. Mzee akasema Jumamosi asubuhi banda lake huwa tupu, na umeme wa kutoka Zambia ukiwepo, watoto waje bure. Mkuu wa stesheni aliitoa mikanda kwa furaha, nadhani alifurahi kupata nafasi kabatini.

Jumamosi ya kwanza tulikuwa kama arobaini, tumebanana kwenye mabenchi, madirisha yamezibwa kwa magunia. Televisheni iliwekwa juu ya meza ndefu na kufunikwa kitambaa cha kufumwa, na mzee mwenyewe aliivua kitambaa kile taratibu kama anayemfunua bibi harusi. Akaingiza mkanda kwenye deki. Mistari myeupe ikacheza, ikatulia, na pale mbele yetu ikatokea treni ya kijani ikipita kwenye theluji.

Hatukuwa tumewahi kuona theluji. Mmoja wetu aliuliza kama ni chumvi. Mama mkubwa alikuwa amesimama kando na koti lake la kazi, fimbo ya kuonyeshea mkononi, akajibu kwamba ni barafu ya kwao na tusimkatize.

Kwenye mkanda ule mwanamume mwenye kofia alizungumza sana huku akinyoosha kidole. Mama mkubwa alimsikiliza, akaitikia kwa kichwa, kisha akatugeukia. Alisema huyu bwana ni mkubwa wa magetini wa huko, na anasema hivi: treni haikwepi, mwenye miguu ya kukwepa ni wewe. Anasema treni ikishika breki hapa inakwenda kusimama kule sokoni, kwa hiyo usimtegemee dereva hata akiwa mjomba wako. Anasema ukifika relini simama, tazama kulia na kushoto, sikiliza, ndipo uvuke, na usivuke ukiwa unakimbia. Bwana mwenye kofia alikuwa ameshanyamaza zamani, mama mkubwa bado anamtafsiri.

Mkanda wa pili ulikuwa wa vikaragosi vya karatasi, ndama mmoja na msichana mwenye kitambaa chekundu shingoni. Huo tuliupenda mno. Kwa maelezo ya mama mkubwa, ndama alikuwa amekwama relini, na yule msichana alikimbia pembeni ya reli, si juu yake, kuelekea treni inakotokea, akipunga kitambaa ili dereva amwone mapema. Na mwenye ndama anaambiwa aache mzigo, kwa kuwa kila kitu kinanunuliwa isipokuwa mtu. Mkanda wa tatu haukuwa na maneno hata kidogo, muziki tu na treni ikipita milimani, ndani na nje ya mahandaki. Hapo mama mkubwa alikaa benchi la mbele akatazama pamoja nasi.

Tulikwenda Jumamosi nyingi, miezi kadhaa. Mara moja tu mama mkubwa alibanwa. Shoga yangu, aliyekuwa na kumbukumbu ya ajabu, alimwambia kwa adabu kwamba wiki iliyopita alisema yule mwanamke kwenye behewa la mkanda wa kwanza ni mama wa mtoto aliyekaa naye, na leo amesema ni mwalimu wake. Mama mkubwa alimtazama kidogo.

"Kwani mwalimu hazai?"

Banda zima lilicheka, na mkanda ukaendelea.

Kilichotokea baada ya hapo kilitokea wakati wa mavuno, mchana. Mimi na shoga yangu tulikuwa tumetumwa mashine kusaga, tunarudi na unga kichwani kupitia kivuko cha vichochoroni, mbali na geti. Tulimkuta mtu anahangaika relini. Alikuwa mfanyabiashara wa chumvi kutoka Ivuna, asiyezoea treni, na toroli lake lilikuwa limezama gurudumu kati ya chuma na mbao za kivuko. Magunia matatu juu yake. Alisukuma, akavuta, akalitukana toroli kwa Kinyamwanga, akatuomba tumsaidie.

Ndipo tukasikia honi kutoka upande wa Zambia.

Sikumbuki kuwaza. Nilishusha unga nikamshika yule mtu mkono nikavuta. Yeye alivuta upande wa magunia. Alisema kuchemsha chumvi ile kumemchukua msimu mzima. Nilimwambia maneno ya mkanda kama yalivyo, kwamba kila kitu kinanunuliwa isipokuwa mtu. Shoga yangu alikuwa ameshavua mtandio wake wa rangi ya chungwa. Niliona mgongo wake ukikimbia pembeni ya reli, si juu yake, mtandio ukipeperuka juu ya kichwa, kuelekea treni inakotokea.

Dereva alimwona. Tulisikia vyuma vikilia, mlio mrefu ambao meno yaliuhisi. Yule mtu wa Ivuna alinitazama, akatazama magunia, kisha nguvu zilimwisha akaniacha nimvute kama mtoto. Tulianguka wote kwenye nyasi. Treni ilikuja taratibu sasa, karibu kusimama, lakini ilikuja, ikalisukuma lile toroli, ikalipindua, ikapita juu ya magunia na kusimama mabehewa mawili mbele yetu. Chumvi ikamwagika juu ya kokoto pande zote mbili.

Mtu wa Ivuna alikaa, akajipapasa miguu, mmoja, halafu mwingine, akaanza kucheka na machozi yanamtoka. Dereva alishuka akamkumbatia shoga yangu kabla hajasema na mtu yeyote. Mama mkubwa alifika akikimbia kutoka getini, viatu vya kiume mkononi, bendera kwapani. Alituhesabu kwa macho. Akamwuliza shoga yangu nani alimfundisha kupunga kitambaa.

"Wewe, mama. Kwenye mkanda wa ndama."

Mama mkubwa alivaa viatu vyake polepole, mguu mmoja kwanza, kisha mwingine, akaenda kuzungumza na dereva.

Kwa siku nyingi mbuzi na ng'ombe wa mtaa walikwenda pale kivukoni kulamba kokoto, mpaka mama mkubwa akaomba wafungwe. Mtu wa Ivuna watu walimchangia magunia mapya, akarudi kwao akachemsha chumvi nyingine. Kila mwaka alipoleta mzigo Tunduma alipita kwetu kwanza, na hakukubali kunywa maji kabla hajatuona sote wawili, mimi na shoga yangu, tumesimama mbele yake wazima.

Miaka ikapita. Shoga yangu aliolewa Dodoma. Mimi nikawa mwalimu wa shule ya msingi Vwawa. Banda la video lilikufa, kila nyumba ilipopata televisheni yake, na mzee wa Kondoa akageukia rangi na saruji. Mwaka mmoja, nadhani ulikuwa wa 2013, nilipita dukani kumsalimia nikamkuta anasafisha stoo. Chini ya makopo kulikuwa na deki, na ndani ya mfuko wa plastiki mikanda yetu mitatu, ambayo stesheni hawakuikumbuka tena.

Deki ilikubali kuwaka baada ya kupigwa kofi mara mbili. Mtaa wa pili kulikuwa na dada wa Kichina aliyeuza pampu za maji, Kiswahili chake cha sokoni kizuri tu, tukamwita. Alikaa na soda yake, akatazama mkanda wa bwana mwenye kofia, akaanza kutabasamu. Alisema huyu anafundisha wahudumu wa treni kupokea abiria. Vioo vifutwe. Chai iletwe ikiwa moto. Mzee akipanda, apewe kiti. Nilimwuliza kama hakuna habari ya kuvuka reli. Akasema hakuna kabisa.

Na ndama? Ndama alikuwa ametoroka shuleni. Anaambiwa arudi akasome. Msichana alikuwa anampungia mkono wa kwaheri.

Mzee wa Kondoa alikaa juu ya mfuko wa saruji akacheka mpaka akavua miwani.

Jumapili iliyofuata nilikwenda Mlowo. Mama mkubwa alipostaafu alinunua kiwanja huko, akapanda kahawa na migomba, na nilimkuta akianika kahawa kwenye kichanja, nywele zimeanza kuwa nyeupe pembeni. Nilimsaidia kugeuza punje, tukazungumza habari za nyumbani. Kisha nikamweleza yote aliyosema yule dada wa pampu, moja baada ya jingine. Nilidhani ataona haya.

Hakuona. Alisema Kichina chake chote kilikuwa maneno matatu: kabichi, ghali, na asante. Akayatamka. Akaendelea kuchagua punje mbovu.

Nilimwuliza kwa nini basi alitudanganya.

Alisema kwamba mwaka wake wa kwanza getini aliwahi kumfunika mtu kwa koti lake. Hakusema zaidi kuhusu huyo mtu, nami sikuuliza.

"Miaka kumi na miwili niliwaambia kwa mdomo wangu," alisema. "Mlinisikia? Nikawaambia kwa mdomo wa Mchina wa kwenye televisheni, mkakaa kimya kama kanisani. Ningekuwa mjinga kuiacha nafasi hiyo."

Nikacheka, naye akacheka. Akataka kujua yule mwanamke wa kwenye behewa hasa alikuwa nani, mama au mwalimu. Nikamwambia alikuwa abiria tu aliyeletewa chai. Akasema hilo nalo lingewezekana, hakulifikiria. Mchana ule tulikula ndizi na maharage, akanifungia mkungu wa kupeleka Vwawa, na njiani kwenye gari niliendelea kutabasamu peke yangu mpaka aliyekaa jirani akaniuliza kama nimepata habari njema.

Usiku, au tuseme saa mbili hivi, nilimpigia simu shoga yangu Dodoma nikamsimulia. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alirudia lile la ndama mtoro mara mbili. Halafu akaniuliza kama mama mkubwa bado anapenda halua, maana kuna mtu anakuja huku kesho kutwa, angeweza kumpa amletee.