Wimbo wa Maksai wa Ewoi

Nakumbuka siku moja pale Lodwar, mwanangu, miaka ya sabini, niliposimama mbele ya waimbaji sitini na kuisikia sauti ya mtu wa sitini na moja. Nasikia na nyinyi mnataka kuunganisha kwaya zenu. Basi kaa hapo kidogo, simu hiyo itie mfukoni.

Nilikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu Nairobi, kijana wa Lokitaung niliyevimba kichwa kwa sababu najua kusoma noti za muziki. Likizo ile tulileta kwaya yetu ya chuo, tukaiunganisha na ya kanisa la Kakuma, tufanye tamasha Lodwar. Nikataka wimbo mmoja wa kwetu wa kushangaza wageni. Nikachagua wimbo wa maksai wa Ewoi.

Unajua kwetu mwanamume hutunga wimbo wa maksai wake, na wimbo ule ni wake peke yake. Akifa, huugusi mpaka umwombe mama yake. Hilo nililijua tangu nachunga mbuzi. Ewoi alikuwa rafiki yangu. Mafuriko ya mto Turkwel yalimchukua mwaka uliotangulia, na mwili haukuonekana.

Dada yake, Akiru, alikuwa mwimbaji wa kwaya ya Kakuma. Siku ya kwanza ya mazoezi, pale Kakuma, wimbo ule ulipoanza, alifunga mdomo. Baadaye akanivuta kando.

"Kaka, huu una mwenyewe. Mama yuko hapa hapa Kakuma. Nenda umwombe."

Nikamwambia nitakwenda kesho. Kesho ikawa keshokutwa, mimi nikajitia hamnazo. Kusema kweli niliogopa atakataa, maana programu ilikuwa imeshachapwa.

Alasiri ya tamasha ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Tulipoingia ubeti wa pili nikasikia sauti nzito ambayo sikuifundisha. Nikawatazama waimbaji wa besi mmoja mmoja, nao walikuwa wananitazama mimi. Nikashusha mikono, wakanyamaza wote. Ile sauti haikunyamaza. Iliendelea taratibu, ikamtaja maksai kwa jina, ikaingia ubeti wa tatu. Na ubeti ule, mwanangu, sikuuandika popote, kwa sababu sikuwahi kuujua.

Nyuma kabisa mama mmoja akasimama. Alikuwa mama yake Ewoi, amekuja na lori la kwaya kumsikiliza binti yake, wala hakuna aliyemwambia tutaimba nini. Akatoka nje. Mimi na Akiru tukamfuata hadi mtoni. Turkwel ulikuwa mkavu. Tulimkuta ameketi mchangani anaongea na mtu tusiyemwona, anamuuliza kama amekula. Nikapiga magoti kuomba msamaha. Hakunikasirikia, na hilo ndilo linaloniuma.

"Umemwita, amekuja," aliniambia. "Sasa mwambie akalale."

Sikujua namna ya kumwambia. Mama yule aliishi miaka mingi baada ya hapo, na kila jioni alimwekea mwanawe kibuyu cha maziwa mlangoni. Akiru hakuimba tena.

Kwa hiyo nisikilize. Kabla hujagawa sauti, nenda kwa mwenye wimbo, keti, umwombe. Akikataa, uache, hata kama umeshajisifu kwa watu. Kosa langu halikuwa kutojua, nilijua nikaona uvivu na woga. Mungu akupe sauti ya kukusanya watu, akupe na unyenyekevu wa kubisha hodi, na mama yeyote asikae mlangoni akingoja kwa sababu yako.