Cheti cha Mtoro

Sikwenda kwa kupenda. Wambui, jirani yangu Mkenya hapa Fridley, nesi mwenye ulimi mwepesi, alikuwa amenialika mara tatu kwenye matembezi ya kumkumbuka mtumwa aliyetoroka akafika Saint Paul, akatumia umri wake uliobaki kupinga utumwa. Mara tatu nilitoa udhuru. Kukataa mara ya nne kungenilazimu kueleza kwamba naogopa polisi, maana viza yangu ya masomo ilikwisha mwaka juzi, na hilo sikuwa nimemwambia mtu, hata nyinyi wa nyumbani Pangani.

Saa mbili asubuhi, Jumamosi moja ya Oktoba 2006, tuliondoka na gari la Wambui. Pasipoti ilikuwa katika mfuko wangu wa ndani, kwa kuwa niliogopa kuibeba na niliogopa zaidi kuiacha. Tulipopita Roseville, gari la polisi likawa nyuma yetu. Nikakaza macho kwenye kioo cha pembeni.

"Mbona umenyamaza hivyo?" Wambui akauliza. "Nime-drive hii njia miaka tano, sijawahi pata hata ticket. Relax, bwana."

Polisi walikata kona. Mimi niliendelea kutazama kioo mpaka tukaingia Saint Paul.

Saa tatu na nusu tulikuwa kwenye ukumbi wa kanisa, tukinywa kahawa. Mwenyeji wetu alikuwa bibi wa miaka themanini hivi, kitukuu cha yule mtoro. Alitugawia karatasi na penseli. Babu yao, alisema, alikuwa mhunzi aliyejifunza kusoma kwa siri. Mtumwa hakuruhusiwa kusafiri bila cheti cha bwana wake, basi yeye akajiandikia mwenyewe na kutia sahihi ya bwana. Kila anayetembea siku hii hujiandikia chake, akionyeshe akisimamishwa njiani.

Wambui aliandika huku anacheka. Mimi niliandika jina la uongo, Juma Ali.

Saa nne tulianza kupanda kutoka mtoni, watu kama thelathini. Kwenye kona ya pili, mwanamume mwenye koti refu na kofia pana, akiigiza msaka watoro, alitokea nyuma ya mti. Hatua chache nyuma yake, askari wa kweli alikuwa akizuia magari. Mwenye koti akaninyooshea mkono.

"Karatasi zako."

Kwetu wahamiaji neno hilo lina maana moja tu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Sikuona koti la maigizo, nilimwona yule askari. Mkono ukaingia wenyewe mfuko wa ndani, ukatoa pasipoti.

Akaifungua. Akatazama picha, akatazama viza, kisha akanitazama usoni. Akaifunga na kunirudishia, akiwa amempa askari mgongo.

"Siyo hii, ndugu yangu," alisema kwa sauti ya chini. "Irudishe mfukoni. Pita."

Saa sita, kanisani, vyeti vilisomwa kwa sauti na kubandikwa ukutani. Kiliposomwa cha Juma Ali, yule mwenye koti, aliyeona jina langu kwenye pasipoti, hakunifichua. Bibi akatupitia na penseli, mmoja mmoja.

"Babu alipofika hapa," aliniambia, "alikata kwa mstari jina la bwana kwenye cheti, akaandika lake."

"Hakuogopa?"

"Aliogopa sana. Waliomsaka wangeweza kulisoma. Lakini mama yake alikuwa bado utumwani, naye alitaka habari zimfikie."

Nikalikata jina la Juma Ali. Niliandika jina mlilonipa, lote, hadi la babu.

Saa nane tulirudi Fridley. Gari la polisi lilipotupita nilishtuka vilevile. Hofu sikuiacha Saint Paul, nilirudi nayo. Nililojifunza ni kwamba nyinyi nilikuwa nawaficheni bure, maana si nyinyi mnaonisaka.

Kesho yake nilinunua kadi ya simu, nikampigia mama, nikamweleza yote.

"Nilijua," akasema. "Mwanafunzi gani miaka miwili halalamikii mtihani hata mmoja? Kumbe nimezaa mtoro."

"Naogopa, mama."

"Ogopa, mwanangu. Lakini kuanzia leo ogopa nasi tukijua."