Konyaki ya Posa

Mtu akisikia kwamba posa yangu nusura ivunjwe na konyaki, anafikiri baba alikuwa mlevi. Hata kidogo! Baba alikuwa mgema huku kwetu Kabambare. Aligema malafu, pombe ya mchikichi, na kwake kinywaji kilikuwa na umri wa asubuhi moja. Cha jana alikimwaga bila huruma.

Mchumba wangu alikuwa karani mjini Kasongo. Pombe kali ya Wazungu sisi Waafrika tulikuwa tumeruhusiwa na serikali ya Wabelgiji juzijuzi tu, na tajiri wake, alipokuwa akirudi Ulaya, alimwachia chupa ya konyaki. Basi akaileta iwe kinywaji cha posa. Angenyamaza tu! Lakini karani ni maneno: akaisifu wee, eti ilikaa ndani ya pipa tangu yeye hajazaliwa.

Baba akaweka chini kikombe chake cha malafu. "Unaniletea kitu ya kuoza? Mutoto wangu iko wa kutupwa?"

Nilimpenda yule bwana, jamani, pamoja na domo lake.

Shangazi akakumbusha desturi: msichana ndiye anayeonja kwanza. Akimeza, amekubali; akitema, wageni wanabeba chupa yao. Nikapewa kikombe. Harufu ilikuwa nzuri, ya ndizi iliyoiva kupita kiasi na ya sanduku la mbao la nguo za mama. Nikapiga funda. Mama wee, moto! Machozi yakanibubujika, nikaziba mdomo kwa mkono nisiteme.

"Analia," baba akasema. "Hataki. Mubebe chupa yenu."

Nikanyakua kikombe nikakimaliza chote. Ndipo moto ukapoa, ukabaki utamu wa asali ya msituni, nao haukuondoka upesi. Wanawake wakapiga vigelegele. Shangazi alicheka mpaka akakaa chini.

Baba hakucheka. Alijimiminia kidogo, akanusa, akaonja. Akaonja tena. Nilimtazama, mtu aliyekwea michikichi kila alfajiri maisha yake yote kwa sababu kinywaji chake hakingoji.

"Haikuoza," akasema polepole. Akamwita mchumba wangu aketi karibu, akatukabidhi sisi wawili kikombe kimoja. "Mimi kila kitu yangu inaharibika kesho. Ninyi mukae kama hii."

Hapo ndipo nikalia kweli.