Mawimbi Matatu

Hospitalini walimwita Bado Kidogo, maana hayo ndiyo maneno yaliyosikika mlangoni kwake tangu asubuhi. Alikuwa mpimaji wa ultrasaundi, na kipimo chake kigumu kuliko vyote kilikuwa cha damu iendayo kwenye mapafu ya mtoto aliye tumboni. Mtoto akijirusha, mawimbi yanayochorwa kwenye skrini huvurugika. Sharti atulie, kisha apimwe mara tatu. Wapo wanaoridhika na mara moja. Yeye, kwa miaka kumi na tisa, alingoja.

"Bado Kidogo, leo tutazalia kwenye benchi!" wanawake walimtania.

"Zalieni, mama zangu, ila msipige kelele. Bado kidogo."

Siku hiyo aliyelala kitandani, jeli tumboni, alikuwa mpwa wake. Presha ilikuwa imepanda. Daktari alitaka kujua jambo moja tu: mapafu ya mtoto yako tayari azaliwe leo, au mama achomwe sindano za kuyakomaza na wasubiri siku mbili?

Mtoto hakutulia. Nusu saa ikapita. Likapatikana wimbi moja safi, kisha teke, skrini ikachafuka. Dada yake, mama wa mgonjwa, akamshika bega.

"Kaka, huoni anavyovimba? Na huyu naye utamwambia bado kidogo?"

Akaandika namba tatu. Ya kwanza aliipima. Mbili alizitunga, akazisogeza karibu na ya kwanza ili zipendeze. Watu husema hakukusudia ubaya. Mimi siukubali utetezi huo. Aliwangojea wageni miaka yote, wa kwake akashindwa kumngojea, kisha akauita huo upendo.

Daktari alisoma kwamba mapafu yako tayari, hakuuliza kitu. Mkono ule haukuwahi kumdanganya. Mtoto akatolewa kwa upasuaji jioni ile. Kifua chake kilibonyea kila alipovuta pumzi. Siku ya pili akakata roho, hajapewa jina.

Bado Kidogo alikwenda kwa daktari mwenyewe, akasema yote.

Daktari akasema, "Pengine hata ungepima mara tatu yangekuwa yale yale."

"Hiyo pengine nimeileta mimi."

Aliliandika kosa kwenye faili kwa mkono wake, akaondolewa kwenye mashine miezi sita. Dada yake akaacha kumsalimu. Kilichomuudhi zaidi dada huyo si zile namba, bali kwamba kaka alisema.

Mwaka wa pili mpwa alirudi na mimba nyingine. Alipanga foleni kama wengine.

"Nikuitie mwenzangu?" mjomba akauliza.

"Hapana, mjomba. Pima. Nitahesabu mimi."

Akageuza uso kwenye skrini. Wimbi la kwanza likapita.

"Moja," akasema, bila kumtazama.

Mtoto akaanza kucheza. Nje mtu akagonga mlango. Mjomba akafungua kinywa aseme maneno yake ya siku zote, akakifunga. Wakangoja.