Kifuniko cha Mama Mkwe

Kabla mzee hajanipa binti yake, gari lake lilinitia aibu mara nne. Lilikuwa saluni ya kizamani, rangi ya chai iliyozidiwa maziwa, kuukuu kuliko mimi, na mzee alilipenda karibu sawa na ng'ombe wake. Mimi nilikuwa fundi wa kando ya barabara pale Kitengela, miaka ya tisini, wakati mji ulikuwa maduka machache na upepo mwingi. Karakana yangu ilikuwa mabati, mgunga mmoja, na ubao nilioandika kwa mkono wangu mwenyewe: KABURETA NI KAZI YETU. Ubao huo ndio ulioniponza.

Shida ya gari ilikuwa moja tu. Asubuhi liliwaka vizuri, likatoka nyumbani kwa mzee, mbele ya Isinya ukielekea Kajiado, likakimbia kilomita kumi na kitu, kisha likaanza kukohoa, likajivuta, likazima. Ukingoja kidogo, boneti ikiwa juu na wapita njia wakitoa ushauri, liliwaka tena kana kwamba halijamkosea mtu.

"Hii gari iko na roho ya punda," mzee aliniambia siku ya kwanza. "Inasimama pahali inataka."

Fundi mwenye akili angemuuliza lilianza lini, na ni kitu gani kilibadilika kabla ya hapo. Mimi sikuuliza. Nilikuwa kijana ninayejua kila kitu, tena binti yake, ambaye tulikuwa tumeelewana kimyakimya miezi kadhaa, alikuja naye siku hiyo, akakaa kwenye tairi kuukuu akinitazama. Nilifungua kabureta kwa madaha. Nilizibua jeti, vile vitundu vya kupitishia petroli, kwa kiwaya chembamba, nikazipuliza kwa mdomo mpaka chakula cha jioni kikawa na ladha ya petroli.

Gari lilizima kabla halijafika Isinya.

Mara ya pili nilibadilisha floti, kile kiboya kinachopima petroli ndani ya kabureta. Mara ya tatu nilibadilisha plagi na kuosha kabureta upya, kipande kwa kipande. Kila mara gari lilinguruma vizuri hapo karakanani, na kila mara mzee alirudi siku mbili baadaye na vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Kijana," alisema, "wewe ni fundi ama ni mtu wa kuosha vyuma?"

Mara ya nne nilifanya nilichopaswa kufanya mwanzoni. Nilifunga chupa ya petroli chini ya boneti, nikaiunganisha na kabureta kwa mpira, nikaendesha mpaka Isinya na kurudi. Gari halikukohoa hata mara moja. Maana yake kabureta haikuwa na hatia. Petroli ndiyo haikuwa inaifikia. Lakini nilikuwa nimeshasema kabureta mara tatu, na ubao ulikuwa umesimama pale ukinitazama. Nilibadilisha pampu ya mafuta bila kumwambia mtu, nikatangaza kwamba kabureta sasa imepona. Lilizima tena.

Wakati huo watu wetu walikuwa wameshakutana, wangu wakitoka Machakos, na siku ya harusi ilikuwa imepangwa. Mzee alisema atakuja kanisani Kitengela kwa gari lake, yeye na mkewe, si kwa gari la mtu mwingine.

"Na ikizima njiani," akasema, "sisi tutarudi nyumbani na miguu. Na bibi harusi atarudi na sisi."

Kila mtu alicheka isipokuwa bibi harusi mwenyewe. Baadaye alininong'oneza, "Baba akitaka kusema ukweli huanza na mzaha. Tengeneza hiyo gari." Wiki hiyo sikulala vizuri.

Jumamosi moja kabla ya harusi nilikwenda kulichukua gari. Mzee akaamua kuja nami, na mama naye akataka kupita sokoni Kitengela. Sasa, kwetu Ukambani mkwe hamtazami mama mkwe usoni, wala hampi mkono, na kwao Wamasai nao wana heshima zao. Mama huyu na mimi tulikuwa hatujawahi kusemezana ila kupitia kwa watu wengine, hata tukiwa chumba kimoja. Alikaa kiti cha nyuma, shuka imevutwa mpaka kwenye shavu, nami nikakigeuza kioo cha kutazamia nyuma kikaangalia paa. Kama kungekuwa na lori nyuma yetu nisingejua.

Tulikuwa bado hatujafika Isinya gari lilipokohoa na kuzima. Geji ya petroli ilikuwa imekufa zamani, kwa hiyo nilizunguka nyuma na kijiti nipime tangi.

Kifuniko cha tangi nilikuwa nakijua, na nilikuwa nimekisifu mara nyingi. Kile cha chuma kilipopotea, mzee aliziba na tambara, na harufu ya petroli ikawa inampasua mama kichwa huko nyuma. Basi mama akachonga kizibo cha mti mwepesi, akakivisha ngozi ya mbuzi iliyolainishwa kwa mafuta, akakipamba kwa shanga ukingoni, kama anavyofanya vifuniko vya vibuyu vyake vya maziwa. Mzee alikionyesha kila mtu. "Hata harufu haitoki," alijivuna. Karakanani kilikuwa kitu cha kwanza nilichokivua, nikakiweka juu ya gari mpaka kazi iishe.

Siku hiyo nilikivuta, na tangi likasema fyuuu, likavuta pumzi ndefu.

Kumbe pasipotoka harufu hapaingii hewa. Petroli ilikuwa ikipungua tangini na hakuna kitu cha kujaza nafasi yake, mpaka pampu ikashindwa kuvuta. Miezi yote ile nilikuwa naosha kabureta isiyo na kosa.

Nilitamani kupiga kelele. Neno moja tu, na jina langu la fundi lingesafishika pale pale. Lakini neno hilo lingekuwa kwamba kosa ni la mama, limesemwa na mkwe wake, mbele ya mumewe, siku saba kabla ya harusi. Na mzee nilimjua. Angeisimulia hadithi hiyo kila penye watu wawili. Kichwa cha mama kilikuwa nyuma ya kioo cha dirisha, mkono mmoja tu kutoka kwangu. Hakikugeuka.

"Umepata nini huko?" mzee akaita.

"Petroli iko, Mzee. Ni kabureta."

"Tena?"

Nilitoa kile kiwaya cha jeti, nikapekecha kifuniko katikati mpaka kikatoboka, nikakirudisha. Kisha nikafungua boneti, nikagonga spana huku na huku robo saa nzima. Tulifika Kitengela bila kikohozi. Siku ya harusi walifika mapema kuliko padri, mzee akipiga honi mpaka mlangoni pa kanisa.

Kwa miaka mingi nilikuwa kichekesho chake. "Olaputani wangu," aliwaambia wageni, yaani mkwe wangu, "ni fundi mzuri, lakini kabureta huielewa mara ya tano." Nilicheka nao. Iliniuma kidogo, sitasema uongo, na ule ubao niliushusha. Hata mke wangu sikumwambia.

Miaka ya elfu mbili, Kitengela ikiwa imejaa ghorofa, macho ya mzee yalichoka akanipa gari. Ngozi ya kifuniko ilikuwa imepasuka, nikamwambia mke wangu nitatafuta cha chuma madukani. Aliporudi kutoka kwao alinipa kitu kilichofungwa kwenye leso. Kilikuwa kifuniko kipya. Katikati kilikuwa na kitundu kidogo, na mama alikuwa amekizungushia shanga za buluu, zimeshonwa kwa kubana ili ngozi isije ikajifunga.

"Mama anasema hiyo shimo mtu asizibe," mke wangu akasema. "Na amesema nikuambie asante kwa ile kabureta. Kabureta gani?"

Nilichukua kifuniko nikatoka nje haraka kwenda kukifunga, maana sikutaka anione uso.